Hesabu Ilitimia, Ghala Halikutimia

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kuhusu kazi, ujuzi na ujira wa meneja wa miradi, iliyosomwa mbele ya wajumbe siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10



  Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za miaka 10 ya chama chetu: jinsi tulivyoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na jinsi tulivyoanza na chumba kimoja cha kupanga, meza moja na mzani wa kuazima. Wamesema vyema, nami sitayarudia maneno yao. Nimeombwa kuzungumzia jambo lililomo katika ajenda ya mkutano mkuu wa kesho, ambalo limezua maneno mengi sokoni na njiani. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa chama chetu kimwajiri meneja wa miradi aliyesomea kazi hiyo, na kumlipa mshahara unaomstahili?

Najua kwamba neno "mshahara" haliingii vizuri masikioni mwa mkulima. Kila shilingi anayolipwa mtumishi wa ushirika imetoka katika kilo za kahawa zilizochumwa kwa mkono, punje kwa punje, na kubebwa kichwani hadi kwenye mzani. Mwenye kudai fungu katika jasho hilo yampasa atoe sababu. Kwa hiyo sitawapeleka mbali kabla ya kuwaambia habari ya nyumbani kwetu, ingawa habari hiyo yanitia aibu.

HABARI YA GHALA

Wengi wenu mwakumbuka kwamba katika mwaka wetu wa nne tuliazimia kujenga ghala letu wenyewe. Mlikubali kukatwa fedha katika malipo ya msimu, na hapana aliyekataa. Kamati ikaniambia, "Katibu, wewe ndiwe msomi wetu, shika kazi hii." Nami nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nikijua hesabu na barua, nikadhani kwamba ajuaye kuandika matumizi ajua pia kusimamia ujenzi. Nikafungua daftari jipya, nikaandika juu yake neno "GHALA", nikaanza.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua mabati. Niliyanunua mapema kwa kuwa bei ilikuwa nafuu wiki ile, na kamati ilinisifu. Lakini fedha zilizokwenda katika mabati zilikuwa ndizo fedha za saruji ya kuta. Msingi ulipokwisha hatukuwa na saruji, na mafundi wakaondoka kwenda kutafuta kazi pengine. Tukangoja fedha za awamu ya pili. Zilipopatikana, mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza. Nikanunua mifuko 40 ya saruji, nikaiweka chini ya yale mabati kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu. Unyevu ukaingia, na saruji ikashikana ikawa kama mawe. Msimu wa kahawa ukafika, ghala halina paa wala kuta za kutosha. Tukapanga ghala la mfanyabiashara kwa bei aliyoitaka yeye, na kodi ile ikakatwa katika malipo yenu.

Mkaguzi alipokuja alipitia daftari langu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakukosa stakabadhi hata moja. Akaandika kwamba hesabu ni safi. Nami nikasimama katika mkutano mkuu, nikasoma taarifa ile kwa sauti kuu, nikitazamia kupigiwa makofi. Badala yake akasimama mama mmoja mjane, mwanachama tangu siku ya kwanza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu Katibu, nimesikia kwamba hesabu yako imetimia. Ghala langu li wapi?"

Ndugu wanachama, sikuwa na jibu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ilikuwa na daftari. Ilipotea na habari zake zote zimeandikwa kwa wino. Hapana aliyeiba. Nilikuwa mwaminifu, lakini sikuwa na ujuzi wa kazi ile, nanyi mlilipa kwa ujinga wangu kama ambavyo mngalilipa kwa wizi wa mtu mwingine. Tangu siku ile nimetaka kujua ni ujuzi gani niliokosa.

UJUZI WENYEWE NI NINI

Kazi za chama ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zirudiazo kila msimu: kupokea mazao, kupima, kuandika stakabadhi, kulipa. Hizo ndizo kazi za karani na katibu. Namna ya pili ni kazi yenye mwanzo na mwisho, ambayo haijapata kufanywa mahali pale, nayo yataka fedha na watu kwa muda uliowekwa: kujenga ghala, kuweka mtambo wa kumenya kahawa, kuanzisha kitalu cha miche. Kazi ya namna hii ndiyo tuitayo mradi. Mtu aweza kuwa hodari sana katika ya kwanza na kushindwa kabisa katika ya pili.

Elimu ya kusimamia miradi imekusanywa na watu wengi kwa muda mrefu. Mmarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919, alisifika kwa kuchora kazi kama mistari juu ya karatasi, kila mstari ukionyesha siku ya kuanza na siku ya kwisha, hata mtu akaweza kuona kwa jicho moja kazi ipi imechelewa. Mwaka 1957 wataalamu wa viwanda huko Marekani walibuni njia ya kutafuta mfuatano wa zile kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi mzima huchelewa siku moja. Mwaka uliofuata jeshi la wanamaji la nchi hiyo likatumia njia iliyofanana nayo katika kutengeneza makombora.

Msidhani kwamba elimu hiyo ni ya makombora tu. Hebu tuitie katika ghala letu. Tuseme msingi wataka wiki 3, kuta wiki 5, paa wiki 2, na sakafu wiki 2. Jumla ni wiki 12. Kuta zitakwisha mwisho wa wiki ya 8, basi mabati yatahitajiwa mwanzo wa wiki ya 9. Ikiwa mabati huchukua wiki 3 kufika tangu kuagizwa, mwisho wa kuyaagiza ni mwisho wa wiki ya 5. Na mtu mwenye tahadhari atayaagiza mwisho wa wiki ya 4, ili abakiwe na wiki moja ya akiba. Mimi niliyanunua wiki ya kwanza. Kisha hesabuni kinyumenyume: kama mvua huanza katikati ya Machi, na ujenzi wataka wiki 12, msingi hauna budi kuchimbwa kabla ya Krismasi. Mimi niliuchimba Februari. Ndugu zangu, hesabu hii haikuhitaji shahada. Ilihitaji mtu aliyefundishwa kuifanya kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Licha ya hesabu ya siku, meneja wa mradi hujua kugawa fedha kwa awamu, kuandika mkataba na fundi, kupima ubora wa kazi kabla ya kulipa, kuorodhesha mapema hatari zinazoweza kutokea, na zaidi ya yote kusema na watu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni mazungumzo: na bodi, na mafundi, na mwenye duka, na wanachama wanaotaka kujua kazi imefika wapi. Asiyeweza kumwambia mwenyekiti kwamba kazi imechelewa hafai kazi hii, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta.

FUNZO LA KARANGA

Pengine mtu atasema, "Mambo haya ni ya wakubwa wenye fedha, nao hawakosei." La hasha. Wazee waliopo hapa wamesikia habari ya mpango wa karanga wa Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya Uingereza, kwa ajili ya upungufu wa mafuta ya kupikia kwao, ilikusudia kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa mabaki ya vita. Walakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu, visiki viliyavunja matrekta, mvua hazikutosha, na reli na bandari zilikuwa hazijawa tayari kupokea mizigo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36 za wakati ule.

Walikosa nini? Walikosa kujaribu shamba dogo kabla ya kufungua shamba kubwa. Walikosa kupanga lipi litangulie na lipi lifuate. Na viongozi waliokuwa mbali waliendelea kudai ekari nyingi wakati watu wa shambani walikwisha kuona kwamba haiwezekani. Nalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, kosa la kupanga vibaya halimwogopi tajiri wala maskini. Ya pili, utaalamu wa kitu kimoja si utaalamu wa kila kitu. Mjuzi wa udongo, mjuzi wa mitambo na mjuzi wa fedha wakikaa pamoja bila mtu wa kuziunganisha kazi zao, ndipo manahodha wanapokuwa wengi na chombo kwenda mrama.

CHETI NA NJIA YAKE

Sasa nije katika habari ya cheti, maana vijana wengi huniuliza. Vyeti vya kazi hii ni vya namna nyingi. Kimoja kijulikanacho sana duniani hutolewa na chama cha Marekani kiitwacho Project Management Institute, kilichoanzishwa mwaka 1969. Tangu mwaka 1984 chama hicho kimekuwa kikitoa cheti kiitwacho kwa kifupi PMP. Uingereza nako kuna utaratibu wake uitwao PRINCE2, ulioanza mwaka 1996.

Cheti cha PMP hakipatikani kwa kusoma tu. Mwenye shahada ya miaka minne hutakiwa awe amekwisha kuongoza miradi kwa miezi 36. Na asiye na shahada, aliyemaliza sekondari kama mimi, hutakiwa miezi 60. Wote hutakiwa masomo ya saa 35, kisha hufanya mtihani wa maswali 180. Akifaulu, hapewi cheti cha maisha: kila baada ya miaka 3 humpasa aonyeshe kwamba amejiendeleza kwa saa 60, la sivyo hukipoteza. Kwa kijana ambaye bado hana uzoefu, chama hicho hutoa cheti cha chini kiitwacho CAPM, ambacho humtaka awe amemaliza sekondari na kusoma saa 23. Ada hulipwa kwa dola, nazo si chache, na mtihani wa PMP hautolewi kwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana atakaye njia hii asitupe vitabu vyake vya Kiingereza.

Hata hivyo, hatulazimiki kuvuka bahari ili kupata elimu hii. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma hufundisha upangaji na usimamizi wa miradi. Na Moshi kuna chuo chetu wenyewe wanaushirika, kilichoanza mwaka 1963 na kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014. Kwa mahitaji yetu ya leo, mtu aliyesoma katika vyuo vya nchini na kuonyesha kwa macho kazi mbili tatu alizozimaliza, atatufaa vizuri. Na cheti cha kimataifa aweza kukitafuta akiwa kazini.

HABARI YA UJIRA

Nafika sasa penye mwiba. Kwa nini mtu huyu alipwe zaidi ya karani, na pengine zaidi ya mimi Katibu wenu?

Uchunguzi uliotangazwa na kile chama cha Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba katika nchi 21 wenye cheti cha PMP walipata mishahara iliyozidi ya wasio nacho kwa kadiri ya theluthi moja. Yafaa tuipokee habari hiyo kwa uangalifu, kwa kuwa muuza dawa ndiye anayeisifu dawa yake, na wenye cheti aghalabu ni watu wenye uzoefu mrefu ambao wangalilipwa vizuri hata bila cheti. Lakini hatuhitaji uchunguzi wa ng'ambo ili kujua kwamba watu hawa wanagombewa. Tazameni nchi yetu: reli ya kisasa ya SGR, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lenye megawati 2,115, bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, urefu wake kilomita 1,443. Kazi kama hizo zawahitaji watu wenye ujuzi huo huo. Tukitangaza nafasi yetu kwa mshahara wa karani wa ghala, atakuja karani wa ghala, nasi tutamwita meneja. Cha rahisi hugeuka ghali.

Mimi mwenyewe nimekaa na daftari lile la ghala, nikajumlisha: saruji iliyoharibika, mabati yaliyoshika kutu, kodi ya ghala la kupanga, na malipo ya mafundi walioitwa mara mbili. Jumla yake ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa mtu ambaye tulikataa kumwajiri kwa kuwa ati ni ghali. Hesabu hiyo ipo ofisini. Yeyote atakaye na aje aitazame.

Wala sisemi tufungue mfuko bila kizuizi. Nashauri mambo manne. Kwanza, aajiriwe kwa mkataba wa muda maalumu, si kwa maisha. Pili, sehemu ya ujira wake izuiwe, alipwe siku ya kukabidhi kazi iliyokamilika na kupimwa. Tatu, kila robo mwaka asimame mbele ya wajumbe, si mbele ya bodi tu, aonyeshe jedwali lake la mistari, lililobandikwa ukutani katika kila chama cha msingi, ili hata asiyejua kusoma aone kazi imefika wapi. Nne, apewe kijana mmoja wa kwetu wa kumfundisha.

VIJANA WETU NA KAZI HII

Shauri la nne nalipenda kuliko yote. Wana wetu wengi hurudi kutoka shule ya sekondari wakakaa barazani, kwa kuwa hawaoni kazi ila ya serikali au ya mjini. Njia ya kazi hii yaweza kuanza hapa hapa penye mzani. Kijana aanze kama karani wa mradi, akiandika kila siku nani amefika kazini, saruji mifuko mingapi imetumika, kazi gani imebaki. Baadaye awe msaidizi, akabidhiwe mradi mdogo kama kitalu cha miche au vitanda vya kuanikia kahawa. Miezi 60 ni miaka 5. Atakapoitimiza atakuwa ameongoza kazi zinazoonekana kwa macho, naye aweza kuutafuta mtihani popote. Wengine wataondoka kwenda penye mshahara mkubwa. Na waende. Lakini tukiwa na utaratibu wa kufundisha, akiondoka mmoja atabaki mwingine, na ujuzi hautaondoka na mtu.

Kuna neno moja la mwisho ambalo haki yanilazimisha kulisema wazi. Mwezi uliopita baadhi ya wajumbe wa bodi, kwa wema wao, walinishauri niichukue kazi hii pamoja na ukatibu, niongezwe posho kidogo, na chama kiokoe mshahara mmoja. Nawashukuru kwa kuniamini. Mke wangu alipoyasikia alifurahi, kwa maana tuna watoto wawili shuleni. Usiku ule sikulala. Asubuhi niliwaandikia wajumbe wale barua ya kukataa. Nimeanza kusoma masomo ya usimamizi wa miradi jioni kwa jioni, na Mungu akijalia siku moja nitastahili. Lakini leo bado sistahili, na mfuko wa wakulima si mahali pa kujifunzia kwa mara ya pili. Kadhalika, si vyema mtu mmoja awe mwenye kuagiza fedha za mradi na mwenye kuandika hesabu zake; hata malaika asipewe kazi hizo mbili pamoja.

Ndugu wanachama, ghala letu lilikwisha mwishowe, miaka miwili baada ya siku tuliyoikusudia, na leo mwaliona pale ng'ambo ya uwanja. Mama yule aliyeniuliza swali alifariki kabla ya paa kuwekwa. Kahawa yake haikupata kulala ndani yake hata usiku mmoja. Kila nipitapo mlangoni pale asubuhi nalikumbuka swali lake, na naamini kwamba ndilo swali pekee ambalo mwanaushirika yampasa aulize katika kila mkutano. Hesabu imetimia, vyema. Na kitu chenyewe ki wapi?

Kesho mtapiga kura juu ya mtambo wa kumenya kahawa na juu ya mtu wa kuusimamia. Mkikubali mtambo na kumkataa msimamizi, mimi ni mtumishi wenu, nitatii. Lakini nawaomba mpime kwa mzani ule ule mnaopimia kahawa, usiopendelea mtu.

Ushirika wetu udumu miaka mingi.